Bi Biasha Hakalii Mkeka wa Mtu

Kilwa Kivinje nzima ilijua kwamba Bi Biasha hakalii mkeka wa mtu. Iwe harusi, iwe hitima, iwe maulidi ya nyumba ya pili tu kutoka kwake, ungemwona anaingia uani na mkeka wake umeviringishwa kwapani. Anautandika karibu na mlango, anaukalia peke yake, na akiondoka anaondoka nao. Wanawake walimcheka miaka na miaka mpaka wakachoka. Wapo waliosema ni kiburi cha watu wa zamani, na wapo waliosema ni kuchunga twahara, kwa sababu mtu anayeosha maiti hataki kukaa mahali asipopajua. Kumuuliza mwenyewe hakuna aliyethubutu. Bi Biasha ndiye aliyekuwa mwosha wa wanawake wa mji ule, na kila mmoja wao alijua kwamba iko siku atalazwa mbele yake hana kauli.

Kijakazi alikulia juu ya mkeka huo. Mama yake alifariki yeye angali ananyonya, na Bi Biasha, dada wa baba yake, akamchukua. Akamlea kwa uji na ukali, akamwoza kwa Ridhiwani, mchuuzi wa pweza, na alipoona kwamba mtoto ana mikono mitulivu akamrithisha kazi. Alimfundisha kuloweka majani ya mkunazi, kukadiria kafuri, kumwinua maiti mabega na kumkamua tumbo taratibu chini ya sitara, lile shuka linaloshikwa juu ya maiti ili tupu yake isionekane na yeyote, hata na mwosha. Mkono huenda peke yake kule chini, kama wa kipofu. Na alimfundisha kwamba mkono ukigusa kitu huko, kitu hicho hakitoki nje ya mlango.

Kisha akaweka wasia wake mbele ya watu.

"Nikifa anioshe Kijakazi," alisema. "Ninyi wengine mtamwaga maji na kushika sitara. Mkono wa kuingia chini uwe wake peke yake. Tawakali, umesikia?"

"Nimesikia, Bi Biasha."

"Hebu rudia."

Tawakali, jirani yao, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na kufuli, akarudia neno kwa neno. Watu wakacheka, wakasema bibi huyu hata kifo anataka kukipangia.

Mwaka huu hapakuwa na wa kucheka. Tangu Ramadhani moyo wa Bi Biasha ulikuwa umechoka. Miguu ilimvimba, pumzi ikawa fupi, akawa analala ameketi, mito mgongoni. Hata hivyo hakukubali kuogeshwa. Alijiburuta mwenyewe mpaka bafuni, akafunga mlango kwa kitasa, akafua kanga zake mwenyewe kwenye beseni, akajifukiza udi kama bibi harusi. "Kuoshwa nitaoshwa mara moja tu," alisema, na Kijakazi, aliyekuwa amesimama nje ya mlango huo na ndoo mkononi, alisikia na kuogopa. Maana kulikuwa na jambo ambalo shangazi yake hakulijua. Kijakazi hakuwa na uwezo tena wa kuosha maiti.

Lilianza alipomzaa Yasini, mtoto wake wa nne, aliyekuja mkubwa na kwa uchungu uliokataa kwisha. Baada ya uzazi ule, kila akikohoa mkojo ulimponyoka kidogo. Akasema utapita. Haukupita. Ukaja akicheka, ukaja akiinua ndoo, ukaja akiinama kufagia, na mwisho ukaanza kuja bila kungoja sababu. Halafu akaanza kuhisi uzito huko chini, kitu kinachotaka kutoka, na jioni alipochuchumaa kujisafisha mkono ukakigusa. Alikaa kwenye sakafu ya bafu akalia bila sauti, maana upande wa pili wa ukuta alikuwepo mumewe.

Ridhiwani hakuuliza kitu. Mkewe alipohamia kitanda cha watoto alimtakia usingizi mwema, akageukia ukutani. Watu wa mjini walimwita muungwana, na kweli alikuwa muungwana. Lakini kuna siku Kijakazi alitamani mwanamume mwenye adabu iliyopungua kidogo, amuulize tu, una nini mke wangu.

Siku iliyomvunja ni siku walipomwosha Bi Warda, mwanamke mnene, Mungu amrehemu. Kijakazi alimwinua mabega ili maji yapite mgongoni, na palepale akahisi joto linamteremka mapajani. Maji ya mkunazi yalikuwa yakimwagika, sakafu nzima imelowa, hakuna aliyejua. Alijua yeye. Alijua kwamba amesimama juu ya mja wa Mungu anayetwaharishwa, naye anavuja kama mtungi uliopasuka. Baadaye alimuuliza mwalimu wa madrasa, akisingizia rafiki yake wa Lindi, na mwalimu akamjibu kwa upole kwamba mgonjwa ana udhuru, ajisafishe, ajisitiri, aendelee na ibada zake, dini haina ugumu. Sheria basi ilikuwa imekwisha kumsamehe. Ambaye asingemsamehe ni Tawakali, aliyekuwa akisimama naye bega kwa bega kumwaga maji, mwenye pua ya kunusa pilau kutoka mtaa wa tatu. Na zaidi ya Tawakali, asingejisamehe mwenyewe. Tangu hapo kila alipoitwa alijibu kwamba yumo hedhini. Wanawake wakaanza kunong'ona kwamba hedhi ya Kijakazi ina mwaka wake peke yake.

Kwa shangazi yake alithubutu kusema nusu tu. "Tumbo limelegea, shangazi. Nahisi kama mambo yanashuka."

Bi Biasha akaangalia pembeni. "Kaza mkaja, mwanangu," akasema. "Kaza mpaka uhisi umeshikika."

Mkaja ni ule utambaa mrefu anaofungwa mzazi tumboni, ukazungushwa na kukazwa ili tumbo lirudi. Wengine huuvua arobaini ikiisha. Kijakazi hakuuvua. Bi Biasha ndiye aliyemfunga wa kwanza, kwa fundo lake la pekee, mizunguko miwili na ncha kupenyezwa chini upande wa kushoto, lisifunguke hata ukipanda mnazi. Na kila hali ilipozidi, Kijakazi alizidi kukaza, mpaka pumzi ikawa inaishia kifuani.

Hospitali alikwenda. Muuguzi alimuuliza amezaa wangapi, akajibu wanne, na muuguzi akacheka, si kwa ubaya, akasema basi ulitegemea nini, hiyo ni hali ya wanawake, punguza kunywa maji. Kijakazi akapunguza maji. Akapata ugonjwa wa njia ya mkojo na kizunguzungu, na kuvuja kukabaki palepale.

Aliyemsaidia ni Mubina, mkwe wa mzee Hasanali mwenye duka la vitambaa na vipodozi. Kwake ndiko Kijakazi alikokuwa akinunua pampasi za watu wazima, akisema ni za shangazi. Mubina alikuwa akizifunga kwenye gazeti kabla hata hajaombwa. Siku moja, duka likiwa tupu, alimwambia kwa sauti ya chini, "Dada Kijakazi, mama yangu pia alikuwa hivyo. Si lazima uwe hivi maisha. Nimesoma kwenye simu, kuna wataalamu wa fiziotherapia wanaofundisha ile misuli ya chini, ya nyonga, inayoshika mkojo. Inafundishwa kama mkono uliovunjika unavyofundishwa kushika tena."

"Wako wapi?"

"Nitatafuta."

Mubina akatafuta kwa bidii ya mtu anayetafuta cha kwake. Akapiga simu huku na huku. Wengine walidhani anataka kukandwa mgongo. Mwanamume mmoja alimwambia anazo dawa za kubana, anatuma kwa basi. Mwingine alijiita mtaalamu, na alipoulizwa amesomea wapi akakata simu. Mwisho akapata kwamba Lindi, kwenye hospitali moja, yuko mtu wa fiziotherapia aliyesoma kwelikweli.

Kijakazi akaenda Lindi kwa basi la asubuhi kutoka Nangurukuru. Tangu jana yake hakuwa ametia maji kinywani, amevaa pampasi mbili na mkaja juu yake umekazwa mpaka macho yanamtoka. Chumba alichoelekezwa kilikuwa na vyuma viwili vya kushikilia, mzee aliyepooza akijifunza kupiga hatua, na mwanamume mnene mwenye koti jeupe aliyeitwa Bonaventura, mtu wa Nyangamara, mcheshi. Kijakazi alipomwona ni mwanamume, alighairi kusema la kweli. Akasema ana shida ya mgongo. Bonaventura akamwinamisha, akamgusa uti, akamwambia anyanyue mguu huu, anyanyue ule. Kisha mkono wake ukagusa ule mkaja juu ya nguo, akasita.

"Mama, hiki ulichojifunga ni nini?"

Akaeleza. Na labda kwa sababu njaa na kiu vilikuwa vimemlegeza, labda kwa sababu sauti ya mtu yule haikuwa na haraka, akaanza kulia na kueleza mengine yote, mzee aliyepooza akitazama dirishani kwa heshima.

Bonaventura alisikiliza mpaka mwisho. "Pole sana, mama," alisema. "Sasa nisikudanganye. Mimi nimesomea viungo, viharusi, mifupa. Hayo ya nyonga za akina mama yana masomo yake, na lazima mtu akupime kwa ndani. Mimi sikusomea na sitajaribu. Lakini mkaja huo uutoe. Ukibana hapa katikati, vitu vinasukumwa wapi? Juu hakuna njia. Vinakwenda chini."

Kijakazi alimtazama bila kuelewa, kisha akaelewa, na ilikuwa afadhali asingeelewa. Miaka yote ile alikuwa akijikamua mwenyewe kama nazi kwenye kifumbu, akidhani anajishika.

"Yuko dada mmoja," Bonaventura aliendelea. "Salome. Alikuwa hapa na sisi, akaenda kusomea hayo hasa, sasa anafanya kazi Dar. Ndiye pekee ninayemjua mimi. Mama yake anakaa Rutamba, huja kumwona mara mojamoja. Ngoja nimpigie."

Akapiga. Salome alikuwa na sauti ya kijana, ya kucheka. Alisema Jumamosi inayofuata atakuwa Rutamba, na kama mama huyo hatajali nyumba ya kijijini, aje, atampima. Kijakazi akarudi Kivinje akiwa na kitu ambacho hakuwa nacho kwa muda mrefu, hata akakiogopa. Alinunua ndizi mbivu Nangurukuru akazila zote njiani.

Shida ilikuwa kumwacha Bi Biasha. Wiki ile hali yake ilishuka. Alikuwa akiongea nusu sentensi, nusu nyingine anaitafutia pumzi. Kijakazi aliketi pembeni mwa kitanda, akamwambia anakwenda Lindi kutibiwa mgongo, atalala siku moja, Tawakali atakuwepo.

Bi Biasha akamshika mkono. Vidole vilikuwa baridi lakini vilibana. "Usikawie," akasema. Akavuta pumzi. "Wakinigusa wengine, Kijakazi, sitakuwa radhi nawe. Wallahi sitakuwa radhi."

"Nitarudi, shangazi."

Na hapo alikuwa na nafasi ya kumwambia. Walikuwa wawili tu, mlango umerudishwa. Angesema, shangazi, naogopa nitakuvujia, ndiyo maana naenda. Naye Bi Biasha alikuwa amefungua kinywa, kama anayetaka kuongeza jambo. Wakatazamana, wanawake wawili walioosha tupu za mji mzima, wakashindwa na zao. Kisha Bi Biasha akasema apewe chetezo ajifukize.

Rutamba Kijakazi alifika alasiri, vumbi mpaka kwenye nyusi. Salome alimpokea kwa chai ya tangawizi, akamwingiza chumba cha ndani kwa mama yake, akafunga mlango, akafunga dirisha, akanawa mikono, akavaa glavu. Alieleza kila kitu kabla ya kukifanya. Hakuwahi mtu kumgusa Kijakazi kwa namna hiyo, bila haraka, bila kucheka, bila kukunja uso. Alipoona mkaja ulivyochora mistari kwenye ngozi akaufungua mwenyewe, akahangaika na lile fundo.

"Sasa zuia mkojo," alisema. "Kama ungetaka kuzuia."

Kijakazi akabana. Alibana kwa nguvu zake zote, kama alivyofundishwa na kungwi wake alipokuwa mwari.

"Hapana, dada. Unasukuma chini. Unaona? Unajikamua. Vuta juu, kwa ndani, taratibu. Usibane makalio. Usizuie pumzi. Toa pumzi, kisha vuta."

Walijaribu na kujaribu. Jasho likamtoka. Na kisha, bila yeye kujua amefanyaje, kitu kidogo kilisogea ndani yake, kidogo kama jicho linalopepesa.

"Hiyo!" Salome akasema. "Hiyo hapo! Umeipata."

Kijakazi akacheka, na alipocheka akavuja, wakacheka wote wawili. Alijaribu tena kuipata, haikuja. Akajaribu tena, haikuja.

"Itakuja," Salome alisema, akivua glavu. Kisha akaketi kitandani pembeni yake, na Kijakazi akaona kwamba cheko limekwisha. "Dada, nikuambie kweli. Kizazi kimeshuka, si kidogo. Mazoezi yatasaidia, lakini ni kazi ya miezi, na lazima mtu akupime kila baada ya muda aone unavuta au unasukuma. Ukifanya peke yako unaweza kujizidishia. Halafu uonwe na daktari, huenda ukahitaji kupasuliwa. Ungekuja ulipozaa tu yule wa mwisho, tungekuwa tunasema mengine."

"Basi nitakuja Dar. Kila utakaponiita."

Salome akaangalia mikono yake. "Mwezi ujao naondoka. Nimepata kazi Maskati. Mkataba umeshatiwa saini."

"Na baada yako? Huku kwetu yuko nani?"

"Dar wapo, wachache. Nitakupa majina. Huku kwetu simjui mtu."

Kijakazi aliuliza swali lililomleta. Aliuliza kama kuna namna, hata ya kuzugia, hata ya mara moja tu, ya mtu kumwinua mtu mwingine mabega bila kuvuja. Salome alifikiri sana. Akasema atoe pumzi anapoinua, avute juu kabla ya kuinua, asijifunge kitu tumboni. "Lakini siwezi kukuahidi," alisema. "Si kwa hali hii."

Akalala huko kwa kuwa gari hapakuwa. Asubuhi, uji ungali mezani, simu ikalia. Tawakali.

"Bi Biasha ametutangulia, mwenzangu. Alfajiri hii. Inna lillahi. Hatujamgusa. Hata kanga hatujamvua, tumemfumba macho tu na kumfunga kidevu. Wanaume wanataka azikwe alasiri, nimewaambia maiti huyu ana wasia. Njoo."

Mkaja aliuacha Rutamba, kwenye uvungu wa kitanda cha mama yake Salome. Njia nzima, kwenye pikipiki mpaka Lindi, kwenye basi mpaka Nangurukuru, alikuwa anatoa pumzi na kuvuta juu, anatoa pumzi na kuvuta juu, midomo ikicheza, abiria wakidhani anasoma dua. Hakujua kama anavuta au anasukuma. Hapakuwa na wa kumwambia.

Uani walikuwa wamejaa. Wanawake wakampisha kimya, wengine wakiwa wamechoka kungoja na hawakuficha. Kitanda cha kuoshea kilikuwa tayari juu ya mfuo, ule mtaro wa kupokea maji ya maiti, maji ya mkunazi yameiva, sanda imekatwa. Alitawadha, akajisitiri kadiri ya kujisitiri, akaingia. Tawakali akashika kata ya maji. Wawili wengine wakashika sitara, nyuso wamezigeuza kama inavyopasa. Kijakazi akapeleka mkono chini kumvua shangazi yake nguo.

Kanga ya kwanza. Kanga ya pili. Halafu vidole vikagusa kitambaa kilichobana, na juu ya kitambaa, upande wa kushoto, fundo. Mizunguko miwili, ncha imepenyezwa chini. Ulikuwa ni mkaja.

Akadhani amekosea. Bibi wa umri ule, ambaye uzazi wake wa mwisho hata Tawakali hakuukuta. Akafungua fundo kwa vidole vilivyolijua, na chini zaidi, mapajani, akakuta matambara, vipande vya kanga kuukuu vilivyokunjwa na kushonwa vizuri kwa mkono, vizito, vimelowa. Udi haukufika huko. Harufu ilikuwa ni ile anayoijua yeye kila asubuhi. Na pale mkono ulipopaswa kupita, kitu kilikuwa kimetoka nje, kimekauka, kimezeeka huko nje.

Kijakazi alisimama, mkono chini ya sitara, hasogei. Mkeka, akawaza. Mlango wa bafu. Wasia. Kaza mkaja, mwanangu. Hasira ikampanda ghafla, hasira ya kutaka kumtikisa maiti mabega: ulijua! Ulijua na hukuniambia, ukanipa dawa iliyokushinda wewe mwenyewe! Na hasira ilipofika juu kabisa ikamkosa mtu wa kumpiga, ikageuka ikawa huruma. Hakuwa na dawa nyingine, maskini. Alimpa aliyokuwa nayo.

"Vipi?" Tawakali akauliza, uso kando.

"Hakuna kitu," Kijakazi akasema. "Mwaga maji."

Akaukunja mkaja na matambara ndani ya kanga moja, bonge dogo, akalisukuma kwa mguu chini ya kitanda. Akamsafisha shangazi yake mahali pale kwa namna ambayo Salome alimgusa yeye, bila haraka. Alipofika kumwinua mabega akatoa pumzi, akavuta juu. Haikuja. Joto likamteremka mpaka kisiginoni, likachanganyika na maji ya mkunazi, likaingia kwenye mfuo uleule. Alilia, na kwa kuwa alikuwa amefiwa, watu waliona ni haki yake.

Bi Biasha akazikwa alasiri. Mji ukasema amesitiriwa vizuri.

Salome aliondoka kama alivyosema. Majina aliyoyatuma yeye, Mubina aliyapigia simu yote. Mmoja alikuwa likizo ya uzazi, mwingine alihitaji mtu afike kila wiki, na kila wiki kutoka Kivinje mpaka Dar ni maneno ya mtu asiye na watoto. Daktari wa upasuaji alimpangia siku, ikasogezwa, ikasogezwa tena. Kijakazi aliendelea kutoa pumzi na kuvuta juu, jikoni, kitandani, kwenye sala. Siku nyingine alidhani ameipata. Siku nyingine, jioni, kile kitu kilikuwa kimeshuka zaidi, na hakujua kama ni kwa sababu anavuta vibaya au kwa sababu ni kawaida yake kushuka. Alimtumia Salome ujumbe wa sauti. Salome akajibu baada ya siku nyingi, mchangamfu na mbali, kwamba bila kumpima hawezi kusema.

Kisha Tawakali akaja mlangoni mchana mmoja, ameshajifunga kanga ya msiba. Mama yake Zuwena amefariki, huko nyuma ya soko. Wanamtaka mwosha.

"Na safari hii usiniambie uko hedhini," Tawakali akasema. "Bi Biasha hayupo tena. Ni wewe tu."

"Nipe dakika nivae."

Kijakazi akaingia chumbani akafunga mlango kwa kitasa. Kwenye sanduku, chini ya sanda za akiba, ulikuwepo mkaja wa shangazi yake, ameufua na kuuanika ndani ya nyumba usionwe na mtu. Aliushika muda mrefu. Alisikia sauti ya Bonaventura, vinakwenda chini, na ya Salome, usijifunge kitu. Alijua wote wawili wanasema kweli, na kwamba hakuna hata mmoja wao atakayekuwa naye kule nyuma ya soko atakapomwinua mama yake Zuwena. Akatandika matambara, akazungusha mkaja, akakaza. Akakaza tena mpaka akahisi ameshikika. Fundo akalipenyeza chini upande wa kushoto. Akajifukiza udi.

Alipotoka, Tawakali alimtazama kutoka juu mpaka chini, akaona kilichoviringishwa kwapani, akaguna.

"Haya. Na wewe sasa hukalii mkeka wa mtu?"

"Nimeurithi," Kijakazi akasema, wakatoka.